Nyundo zipi kwa piano kubwa ya ukumbi?

Swali: "Jambo, papa fundi. Nafundisha piano hapa Lubumbashi. Ukumbi wetu una piano ya mkia ya tamasha, ile ya mita 2.74 iliyotoka Hamburg. Miaka hii ya karibuni sauti yake imekuwa kali kama mtu anayegonga bati, hasa kuanzia katikati kwenda juu. Kamati imekubali kununua nyundo mpya. Muuzaji mmoja anatupa nyundo za Ujerumani zilizoshindiliwa sana. Wa pili ana nyundo laini za namna ya New York, anasema zitatiwa dawa baadaye. Wa tatu anatuambia tuchukue zilizo nzito kuliko zote, eti ukumbi mkubwa unataka nyundo nzito. Bei zinakaribiana. Tuchukue zipi?"

Jibu: Jambo na kwako, mama mwalimu. Nianze na yule muuzaji wa tatu, maana ndiye mwenye maneno matamu na ndiye atakayeumiza vidole vya wanafunzi wako. Ukumbi mkubwa unataka nyundo inayojua kuondoka kwenye waya kwa wakati wake, na nyundo nzito hilo linaishinda. Hao wawili wa kwanza tutakwenda nao polepole. Wote wanauza kitu kizuri, ila si kila kizuri kinaifaa piano ya Hamburg inayokaa Lubumbashi, kwenye vumbi letu na mvua yetu.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba kosa ni la nyundo kweli. Nimeitwa mara nyingi kwenye piano "yenye nyundo mbovu" nikakuta nyundo nzima na skrubu zimelegea. Hapa kwetu kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hewa inakauka, mbao zinanywea, skrubu zinazoshika mipini ya nyundo zinalegea, na mtambo mzima, yaani vibao vya vidole pamoja na nyundo zake, unaanza kugongagonga. Mwenye piano anasikia ukali, analaumu felti, ile sufu iliyoshindiliwa ya kichwa cha nyundo. Bisibisi na saa moja ya uvumilivu vinamaliza kesi. Kuna kosa jingine linalojificha vizuri zaidi: noti nyingi za katikati na za juu zina waya tatu kila moja, na nyundo inatakiwa izifikie zote tatu kwa mpigo mmoja. Waya moja ikiwa imepanda au imeshuka kuliko wenzake, hata kwa unene wa karatasi, nyundo inagusa hii kwanza na ile baadaye, na sauti inatoka na mkwaruzo hata kama nyundo ilitoka kiwandani jana.

Mwambie fundi atoe mtambo nje. Usiuvute mwenyewe, tafadhali. Kibao kimoja kikibonyezwa wakati unauvuta, nyundo yake inainuka, inakutana na mbao zilizo mbele yake, na mpini unavunjika. Ni mlio mdogo tu, kama kijiti cha kiberiti, lakini utaukumbuka.

Mtambo ukishakuwa mezani, tazama vichwa vya nyundo. Kila nyundo inayopiga waya tatu ina mifereji mitatu. Mifereji yenyewe si ugonjwa, piano yoyote inayopigwa inayo. Kinachosema ni kina chake. Pitisha ukucha: ukizama na kukwama, basi felti mahali pale imegandamizwa na waya miaka nenda miaka rudi mpaka imekuwa ngozi kavu. Halafu tazama ubavuni. Nyundo nzuri ina umbo la yai, upande uliochongoka ukitazama waya. Iliyochoka imekuwa bapa, hivyo badala ya kuugusa waya kwa ncha inaulalia. Nyundo ya namna hiyo mara nyingi inaokoka. Fundi anaimenya kwa msasa, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayemenya kitunguu bila haraka, mpaka umbo la yai linarudi. Chini na katikati huwa imebaki felti ya kutosha. Shida ni oktava ya juu kabisa, ambako felti ni nyembamba tangu siku ya kwanza. Ukiona huko moyo wa mti umekaribia kutokeza, msasa hauna kazi tena, na kamati yako imeamua vizuri.

Tuseme basi ndivyo mlivyokuta. Sasa tuongee juu ya nyundo yenyewe, kwa sababu wauzaji watakuambia "ngumu" na "laini" kana kwamba ni hayo mawili tu.

Ndani kuna moyo wa mti, juu yake felti ya sufu ya kondoo. Kiwandani felti huja kama ukanda mrefu, mnene upande wa sauti nzito na mwembamba upande wa sauti nyembamba. Hupakwa gundi, hukunjwa na mashine kuzunguka mti kwa nguvu nyingi, kisha ule mzigo mrefu hukatwa vipande vipande kama mkate, kila kipande nyundo moja. Ukifikiria vizuri, kule kukunjwa kunaifanya felti iwe na maisha mawili kwa wakati mmoja: ya nje imevutwa, ya ndani imebanwa. Hapo ndipo nguvu yake ya kuruka inapotoka. Watoto wa Kamalondo hapa mjini wanalijua jambo hili bila kuingia darasani. Wanapofunga mpira wa matambara, ukifungwa ovyo unabaki tonge, ukiudondosha haurudi. Ukifungwa kwa hasira mpaka mwisho, unakuwa jiwe, unaumiza mguu na bado haurudi sana. Kuna kiasi fulani cha kuvuta kamba ambapo mpira unaanza kudunda, na mtoto anakijua kwa mkono. Mimi ninachotafuta kwenye nyundo ni mdundo huo. Ugumu ni jambo la pili.

Felti yenyewe imekuja baadaye. Cristofori wa Florence, aliyetengeneza piano za kwanza karibu na mwaka 1700, alivisha nyundo zake ngozi, na zilikuwa ndogo, kwa waya nyembamba na kwa vyumba vya matajiri. Mwaka 1826 huko Paris Jean-Henri Pape alipata hati ya uvumbuzi ya kuvisha nyundo felti. Baadaye fremu za chuma zikaruhusu waya kuvutwa zaidi na zaidi, hadi leo ambapo piano kubwa inabeba mvuto wa jumla wa karibu tani 20. Waya zilipokuwa nene, nyundo zikabidi zinenepe. Ndiyo asili ya wazo la muuzaji wako wa tatu, na kwa karne ile lilikuwa wazo zuri. Leo tumeshafika kwenye kilele cha mlima, na anayeendelea kupanda anashuka upande wa pili.

Nikuonyeshe kwa nini, na hapa unisamehe hesabu kidogo.

Noti ya chini kabisa ya piano, La ya kwanza, inatetema mara 27.5 kwa sekunde. Mtetemo mmoja unachukua kama milisekunde 36. Nyundo yake inakaa kwenye waya milisekunde 4 hivi kisha inaondoka. Kwa hiyo waya ile ndefu inapigwa na kuachwa kabla haijamaliza hata mtetemo mmoja, inabaki huru kuimba. Huko chini nyundo inaweza kuwa nene na nzito, hakuna anayedhurika. Sasa nenda mwisho wa pili, Do ya 88. Inatetema mara 4,186 kwa sekunde, mtetemo mmoja ni robo tu ya milisekunde. Hakuna felti duniani inayoweza kuingia na kutoka kwa muda huo. Hata nyundo nyepesi kabisa inabaki imegusa waya wakati mitetemo kadhaa inapita, na kila sehemu ya muda inayobaki pale inanyamazisha kile ilichokuja kukiamsha. Ndiyo sababu nyundo za juu ni ndogo, nyepesi na ngumu kuliko za chini. Katika seti ya kawaida nyundo ya kwanza ina gramu 10 hivi na ya mwisho kama 4 au 5. Mtu akikuongezea gramu moja chini, labda unapata uzito wa sauti. Akikuongezea gramu hiyo hiyo juu, unapata mlio wa mti bila muziki.

Huko juu hata mahali pa kupiga ni suala la nywele. Waya ya noti ya mwisho ina kama sentimita 5 tu za kuimba. Nikifika hapo ninalegeza mtambo, ninausogeza ndani au nje milimita moja, ninapiga, ninasikiliza, ninasogeza nusu. Kuna mahali pamoja ambapo noti inafunguka ghafla kama dirisha, na ukipita tu inafungwa. Nimeona watu wakinunua nyundo mpya kwa oktava ambayo ilihitaji kusogezwa kiasi hicho tu.

Halafu kuna vidole. Mtambo wa piano ni wenzo: kwa makisio, gramu moja kwenye kichwa cha nyundo inakuwa kama gramu 5 chini ya kidole. Kibao kilichotengenezwa vizuri kinashuka kwa gramu 50 hivi. Nyundo zikizidi gramu 2 kila moja, wanafunzi wako wanasukuma 60. Fundi anaweza kuchomeka vipande zaidi vya madini ya risasi kwenye vibao ili mzani ukae sawa, na ukiweka kibao kwenye kipimo kitaonekana chepesi. Lakini ule mzigo bado upo, lazima uharakishwe na usimamishwe, na mtoto anayejaribu kurudia noti mara nyingi kwa haraka atauhisi hadi kwenye kiwiko. Mpigaji aliyechoka hapigi kwa nguvu. Kwa hiyo piano iliyonunuliwa ili ijaze ukumbi inaishia kunong'ona, na lawama zinamwendea mwanafunzi.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo mimi naliweka mbele ya mengine yote. Felti nzuri haina ugumu mmoja. Kadiri unavyoibana ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, na inaongezeka kwa kasi kuliko unavyoibana. Mpigaji akigusa taratibu, waya inakutana na tabaka la nje tu, laini, na sauti inatoka ya mviringo, yenye sauti mama nyingi, yaani noti yenyewe, na harmoniki chache, zile sauti ndogo za juu zinazoisindikiza. Akipiga kwa nguvu, waya inazama hadi tabaka la ndani, gumu, na harmoniki zinamwagika. Hiyo ndiyo rangi ya piano: sauti kubwa si ile ndogo iliyoongezwa nguvu, ni sauti nyingine kabisa. Nyundo iliyokuwa ngozi kavu imepoteza tabaka la nje. Hata ukiigusa kwa upole inajibu kwa ukali, kama mtu anayepaza sauti hata anapoomba chumvi mezani. Na iliyo laini mno ina kasoro ya upande wa pili: inaanza vizuri, kisha unapoitaka ipande haina pa kupanda.

Kwa hiyo ukijaribu nyundo, usipige noti moja kwa nguvu moja ukasema nzuri au mbaya. Piga noti ile ile mara tano, kuanzia mnong'ono hadi ngurumo, na usikilize kama inabadilika rangi njiani. Inayobadilika mara nne ninainunua. Inayobadilika mara moja, wamuuzie mwingine.

Sasa wale wauzaji wawili. Piano za Steinway zinatengenezwa katika miji miwili, New York tangu 1853 na Hamburg tangu 1880, na kwa muda mrefu miji hiyo miwili imekuwa na desturi mbili za nyundo. Kwa desturi ya Hamburg nyundo inashindiliwa sana kiwandani, inatoka ngumu kupita kiasi, kisha fundi anaichoma kwa sindano mpaka ilegee inapotakiwa. Kwa desturi ya New York nyundo inatoka laini, na fundi anaitilia laka nyembamba inayokauka ndani ya sufu na kuikaza. Huko ndiko inakotoka ile "dawa" ya muuzaji wako wa pili. Wengine badala ya laka hutumia plastiki iliyoyeyushwa kwenye asetoni. Mmoja anaanza juu anashuka, mwingine anaanza chini anapanda, na mafundi wazuri wanakutana katikati. Nimesikia piano nzuri za pande zote mbili, na sitaki kuingia kwenye ugomvi wa nani bora, maana ugomvi huo una umri kuliko mimi.

Kuna pia jambo la ladha ya mtu. Vladimir Horowitz, mpiga piano mashuhuri, alisafiri na Steinway yake mwenyewe pamoja na fundi wake Franz Mohr, na mwaka 1986 ilifika naye hadi Moscow. Piano hiyo ilijulikana kwa vibao vyepesi na sauti ya kung'aa ambayo wapigaji wengi wengine wangeshindwa kuiongoza. Yeye aliiongoza. Ukumbi wako una wapigaji thelathini wa kila kiwango. Haununui kwa ajili ya Horowitz.

Tofauti iliyo muhimu kwetu sisi ni nyingine: nyundo ngumu unaweza kuichoma sindano kidogo leo na kidogo kesho, laka ukishaitia ni vigumu kuitoa. Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi niliitwa kwenye kanisa moja lenye piano ya mkia ambayo sauti yake ilikuwa imefifia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nikatia laka mabegani mwa nyundo zote, nikangoja ikauke, nikapiga: bado hafifu. Nikatia tena. Asubuhi sikuridhika, nikatia mara ya tatu oktava mbili za juu, mwanakwaya mmoja akinishikia taa. Niliondoka nikiwa na furaha. Mwezi wa saba walinipigia simu. Hewa ilikuwa imekauka, sufu imekauka, laka ya mara tatu imekaza kama gamba, na Ekaristi ilikuwa inasikika kama ghala la vijiko. Nilichoma sindano mpaka mbili zikavunjikia ndani ya felti. Mwishowe nilinunua nyundo za oktava hizo kwa pesa yangu.

Kosa langu halikuwa laka peke yake. Nilikuwa nimetibu hali ya hewa. Sufu inanywa unyevu: kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu piano zote za mji huu zinakuwa na sauti ya blanketi kidogo, na wakati wa kiangazi zote zinakuwa na meno. Piano hiyo hiyo, bila kuguswa na mtu, ina sauti mbili kwa mwaka. Ukumbi wenye mashine ya kusawazisha hewa unaepuka hilo siku ambazo umeme upo, na wewe na mimi tunajua siku ambazo haupo. Ndiyo maana nyundo zikishawekwa sitakubali kuzichoma sindano za mwisho mwezi wa pili. Nitazichoma nusu, nitarudi mwezi wa sita kuzisikia zikiwa kavu, kisha ndipo nimalize. Ukimsikia fundi anayeahidi kumaliza yote kwa siku moja, mpe chai aende.

Tena piano yenu ilizaliwa Hamburg, na ubao wake wa sauti na waya zake vilipangwa pamoja na nyundo za kuchomwa sindano. Basi kati ya hao wawili mimi nachukua wa kwanza, ila si hizo "zilizoshindiliwa sana". Mwombe zilizoshindiliwa kwa wastani, uzito mwepesi au wa kati, felti isiyotiwa kitu chochote. Watengenezaji kama Renner na Abel wa Ujerumani hutoa nyundo za madaraja mbalimbali ya ugumu na uzito, na muuzaji anayejua kazi yake hatashangaa ukiuliza. Akishangaa, nawe umejua. Kama mngekuwa na fundi anayeishi karibu na ukumbi na aliyekulia kwenye laka, ningeweza kukuambia tofauti.

Nasisitiza sindano, kwa hiyo niseme zinafanya nini, maana nimekuta watu wakichoma nyundo kama wanapiga mbuzi chanjo. Sindano tatu zikiwa kwenye kishikio kimoja zinaingia mabegani mwa nyundo, pande zote mbili za ncha, kwa kina cha kama milimita 8, zikielekea katikati. Zinafungua felti ya ndani iliyobanwa mno ili ipate nafasi ya kuruka. Ncha yenyewe, pale waya inapogusa, haichomwi kwa kina. Ukiichoma unakata nyuzi za nje zilizovutwa, yaani unakata kamba ya mpira wa matambara, na mpira haufungwi tena. Ncha inaguswa juu juu tu, mwishoni kabisa, kwa ajili ya ule upigaji wa mnong'ono. Na pedali ya kushoto isisahauliwe: kwenye piano ya mkia inasogeza mtambo pembeni, nyundo ikagusa waya mbili badala ya tatu na kwa sehemu ya felti isiyo na mifereji. Mwanafunzi akikuambia pedali hiyo "inabadilisha piano kabisa", anakuambia pia kwamba sehemu ya kawaida imeshakuwa ngumu.

Kabla ya kulipia seti nzima, omba nyundo tano za mfano, au lipia hizo tano. Fundi aziweke kwenye noti tano zilizotawanyika, nadhani zile Do zinatosha, bila kugusa majirani zake. Kisha mtu apige Do na Re zake kwa zamu, mnong'ono hadi ngurumo, nawe ukae safu ya nyuma kabisa umefumba macho. Usikae karibu na piano: karibu, nyundo kali inavutia, na huko nyuma ndiko inakochosha. Wala usiniletee sauti ya simu. Simu inabana ngurumo na kuinua mnongʼono, inafuta jambo lile lile tunalotafuta.

Mkiagiza, msiagize kwa jina la piano tu. Tumeni nyundo za zamani, ya kwanza na ya mwisho ya kila sehemu, zikiwa na mipini yake. Tundu la mpini linatobolewa kwa umbali na pembe maalum, na kule chini, waya zinapopita juu ya nyingine kwa mshazari, nyundo zinatobolewa kwa mshazari pia. Tundu likikosewa milimita mbili, nyundo inafika kwenye waya imeinama, na hapo hata felti bora inapiga kwa kidevu. Mzigo wenyewe hautawasumbua. Seti ya vichwa 88 bila mipini haifiki kilo moja, mara nyingi ni gramu 600 na kitu. Piano ya karibu kilo 500 inapata sauti yake kutoka kwenye boksi ambalo mtu anaweza kulishusha mkononi kwenye uwanja wa ndege wa Luano, bila kupita mpaka wa Kasumbalesa na foleni yake ya malori. Likifika, lifungeni kwenye debe la bati lenye kifuniko hadi siku ya kazi. Nondo wanaokula makoti wanakula nyundo vile vile, na wanapenda zaidi sufu safi isiyotiwa kitu.

Kazi ya kuweka ni siku tatu nne. Baada ya hapo waache wanafunzi wapige mizani zao, zile Do-Re-Mi za kupanda na kushuka, wiki kadhaa. Nyundo mpya inajikaza kidogo kwa kupigwa, na fundi akichoma sana mwanzoni atakuta hana pa kwenda.

Jambo moja la kunifanyia kabla hujamjibu muuzaji yeyote. Chukua betri mbili za alkalini za saizi ya AA, si zile nyembamba za AAA, zifunge pamoja kwa selotepu. Zina karibu gramu 46. Kanyaga pedali ya kulia, ziweke taratibu kwenye ukingo wa mbele wa Do ya katikati, kisha uniandikie: je, kibao kinashuka chenyewe hadi pale kinapokutana na kile kizuizi kidogo karibu na mwisho, au kinabaki juu? Fanya hivyo kwa Do zote nane. Nyundo zenu sasa zimeliwa, yaani ziko nyepesi kuliko zilivyozaliwa. Kama hata hizo zinazikataa betri mbili, basi tutaanza na pini na wenzo wa mtambo, na nyundo zitangoja.